Mwaka Niliolala Juu ya Gari

Mwanangu alinipigia simu kutoka Bukavu juma la pili baada ya kumzika babu yake. Anafanya kazi kwa watu wanaokodisha magari ya safari ndefu, na mkubwa wake alikuwa amemtuma aulizeulize kabla hawajanunua mahema ya kulalia porini. Sijui nani alimwambia, pengine ni mimi mwenyewe katika maongezi ya jikoni, kwamba mama yake aliwahi kulala mwaka mzima juu ya gari. "Mama, weye ulilalaka mu zote mbili," akaniambia. "Ya juu ya gari ao ya chini, yenye iko muzuri ni gani?" Nikamjibu papo hapo kwamba ni ya juu. Sikusita hata kidogo. Nikamweleza habari ya godoro, ya siafu na ya maji ya mvua, naye akashukuru, akakata. Nilibaki nimeshika simu mbele ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyokuwa imeanza kushika chini. Swali lile nilikuwa nimeulizwa mara moja tu kabla ya siku hiyo, nikatoa jibu hilo hilo, na jibu lilikuwa kweli wakati ule kama lilivyo kweli leo. Ni ukweli ninaouonea haya.

Babu yake huyo ndiye baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa kwetu mke wa mtoto halitamki jina la baba wa mume wake, na sioni kwa nini kalamu iruhusiwe kile ambacho ulimi umekatazwa. Mwanangu amepewa jina hilo hilo, ndiyo maana tangu azaliwe namwita Papa tu, na walimu wake wa shule walidhani nimesahau jina la mtoto niliyemzaa. Wifi zangu wameniambia mara nyingi kwamba baba yao alikufa kwa kifua kama wazee wengi wanavyokufa, kwamba aliishi miaka mingi baada ya mwaka ule, kwamba nisijipe umuhimu. Nawashukuru, nawamiminia chai, lakini siwaamini. Wao hawakuwa kule. Wao walilala Kasongo, chini ya bati moja, kila mtu mahali pake.

Mahali pake, hilo ndilo neno la nyumba ile. Nilikuwa nimeolewa muda si mrefu, na mume wangu Salumu alikuwa amekwenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu tochi na betri, akaniacha kwa wazazi wake hapa mjini, nyumba yenye uwanja wa mchanga uliofagiwa kabla ya jua. Nililala chumba kimoja na wifi wawili na watoto wao, mimi upande wa mlango, na kila aliyetaka kwenda kujisaidia alinikanyaga mguu. Baba Mkwe na mimi tuliishi kwa kukwepana, jinsi inavyotakiwa. Kabla ya kuingia uani alijikohoza, nami nikajifunika kitenge vizuri au nikaingia ndani. Nilimwekea chakula, wali na samaki wa mawese, nikarudi kinyumenyume. Sikukalia mkeka wake wala kupita karibu na kitanda chake. Watu wanaotazama heshima hii kutoka nje hudhani ni mzigo wa mwanamke peke yake. Mzee yule naye alizunguka nyumba nzima kwa mlango wa nyuma kila aliponikuta naosha vyombo mbele, hata siku za mvua, na hakuna aliyemwonea huruma.

Alikuwa dereva. Vita vilipotulia na barabara kuanza kupitika tena, mradi mmoja wa kutengeneza chemchemi za maji vijijini ulimchukua kwa sababu aliijua njia ya Kasongo mpaka Kabambare, mashimo yake na madaraja yake, hata yale yaliyokuwa magogo mawili tu. Wakahitaji mwanamke wa kuzungumza na wanawake wenzake kwa Kibangubangu, awaulize wanachota wapi, na watoto wanaharisha lini. Baba Mkwe aliposikia, hakuniambia mimi. Alimwambia mkewe mbele yangu, jioni, akitazama ukuta: "Muambie ule mutoto, kama anataka kazi, kazi iko." Mama Mkwe akanigeukia na kunirudishia maneno yale yale niliyokwisha kuyasikia, nami nikamjibu yeye, naye akampelekea jibu mzee aliyekaa hatua chache kutoka kwangu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Wakati huo nililiona jambo la kuchekesha, na nilicheka chumbani na wifi zangu mpaka tukagombezwa.

Gari lilikuwa jeep kuukuu, na juu yake kulikuwa na hema. Mzungu mmoja aliyeutangulia mradi ndiye aliyeliacha. Lilikunjwa kama sanduku bapa, ukivuta kamba linafunguka kama kitabu, ngazi inashuka na kushikilia nusu ya sakafu iliyoning'inia nje ya gari. Ndani mlikuwa na godoro la sponji, madirisha ya chandarua pande zote, na kijitaa kidogo. Hema la pili lilikuwa la kawaida, la turubai nene, zito, lenye harufu ya panya, la kusimamishwa chini kwa vigingi. Lilikuwa na mlango wa kufungia kwenye ubavu wa gari ili watu waingie na kutoka moja kwa moja. Vijijini walilipa la juu jina la kiota. Wanawake wa Lusangi walinitania siku ya kwanza kwamba huko kwao anayelala juu ni kuku, na kwamba Salumu akija kumtafuta mke wake aje na mahindi mkononi.

Tulikuwa watu wanne. Mkubwa wetu alikuwa Shefu Patrice, mtu wa Kinshasa, mnene, mpole, msomi wa mambo ya maji, aliyemwita Baba Mkwe "Papa" na mimi "Madame Feza". Wa nne alikuwa Musafiri, fundi wa mabomba, ndiye aliyepika na ndiye aliyesema sana. Jioni ile ya kwanza, kwenye uwanja wa shule karibu na Lusangi, Shefu alijaribu kwanza kiota mwenyewe. Ngazi ikalia, gari likainama upande mmoja, naye akashuka akicheka na kusema kwamba kitanda hicho kimeumbwa kwa ajili ya Madame: mwanamke peke yake kati ya wanaume alale juu, ngazi ipandishwe, roho zitulie. Alisema kwa nia njema. Kisha akaonyesha hema la chini, lililofungwa tayari ubavuni mwa gari, akasema wanaume watatu watalala humo.

Baba Mkwe alikuwa amepiga magoti anagonga kigingi cha mwisho. Nilimwona akiinua macho kwenye kiota, halafu akashusha macho mahali ambapo kichwa chake kingekuwa. Wazee waliotuachia desturi walifikiria mkeka, kitanda, sahani, njia ya kwenda kuoga. Hawakufikiria kwamba siku moja nyumba itawekwa juu ya gari na mke wa mtoto atapanda ngazi mbele ya baba mkwe wake na kujinyoosha juu ya kichwa chake. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Alilazimika kuamua mwenyewe, pale pale, nyundo mkononi. Hata karibu na moto, madirisha yale ya pande zote yangemlaza chini ya macho yangu. Akakimaliza kigingi, akaosha mikono na miguu, akaswali, akala wali wake, kisha akachukua mkeka na kipande cha turubai na kuvuka uwanja mpaka upande wa pili wa shule, chini ya ukingo wa paa la nyasi. Shefu alimwita, akasema hema lina nafasi. Mzee akapunga mkono bila kugeuka.

Mimi nilijua. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu wifi zangu hunitetea kwa kusema nilikuwa mtoto, sikujua. Nilijua tangu alipoinua macho. Na nikiwa najua hivyo nilivaa suruali ndani ya kitenge, nikapanda, nikavuta zipu. Nikajilaza kwenye godoro lile, na upepo ukapita kutoka dirisha hadi dirisha. Hakuna aliyenikanyaga mguu. Hakuna mtoto aliyelia sikioni mwangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kulala peke yangu mahali penye mlango ninaoufunga mimi. Nilifurahi. Nilifurahi hata nikaogopa kwamba wanaume chini watasikia furaha yangu kupitia turubai.

Mimi ndiye niliyewasikia wao. Ubaya mmoja wa hema la juu ni huo, au uzuri, kwamba sauti za chini hupanda zote. Baada ya siku chache Shefu alimuuliza Musafiri mzee anakwenda wapi kila jioni, na Musafiri, ambaye hakuacha swali lolote bila jibu, akasema atakuwa anatafuta lotoko kwa wanakijiji. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe! Asubuhi nilimvuta Musafiri pembeni, nikamwambia mzee wetu hanywi na asirudie tena kusema hivyo. Akaniomba radhi, akauliza: kama hanywi, basi anafuata nini kule? Nikasema anapenda hewa. Kumweleza sababu yenyewe kungekuwa kuzungumza habari za malazi ya baba mkwe na mwanaume wa nje, aibu juu ya aibu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Leo naona pia kwamba sababu ikishajulikana, Shefu, kwa wema wake, angenishusha.

Mara moja nilijaribu kushuka mwenyewe. Tulikuwa tunangoja kuvuka mto Luama, Shefu na Musafiri wamekwenda kutazama maji, na Baba Mkwe na mimi tumebaki ndani ya gari, yeye mbele, mimi nyuma kabisa. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Nikasema, nikitazama nje, kwamba labda mimi ningelala ndani ya gari. Kisha akaujibu usukani.

"Gari iko na vioo. Ule mutoto nilienda kumuomba kwao na miguu yangu. Akipatwa na kitu, nitarudi kwao na uso gani? Alale kule juu. Miye nitajitafutia pangu."

Usukani haukuweza kubishana naye, na mimi nikautumia ule ukimya kama ruhusa. Tulikwenda hivyo miezi mingi, kijiji hadi kijiji, kupanda kuelekea Kabambare. Kila jioni wanaume walipofunga hema, Baba Mkwe alizunguka na mkeka wake akitafuta baraza, jiko lililoachwa, kibanda cha mlinzi wa mpunga. Mvua zilipoanza, baraza zikawa chache. Asubuhi alirudi na nguo zimeshika unyevu, akafungua boneti ya gari kana kwamba ametoka kitandani kwake. Nilianza kusikia kikohozi. Mwanzoni nilidhani anajikohoza kunipa taarifa kwamba anapita, na nilikuwa naharakisha kujifunika. Kikaendelea hata akiwa mbali, na baada ya muda sikuweza tena kutofautisha taarifa na ugonjwa.

Ndipo lilipokuja jambo la kulinganisha. Ofisi ilitaka kununua mahema kwa ajili ya magari mengine ya mradi, na Shefu akaagizwa aseme lipi ni bora. Msomi hakubali kusema bila kujaribu, kwa hiyo tulipokuwa tunakaa mahali pamoja karibu na Kabambare, tukitengeneza chemchemi kubwa, akapanga tubadilishane kwa juma zima. Yeye alipewa chumba na mwalimu wa shule. Musafiri akapanda juu. Hema la chini likaondolewa ubavuni mwa gari na kusimamishwa upande wa pili wa moto, nikapewa mimi peke yangu. Na Baba Mkwe, kwa kuwa juu ya gari sasa hapakuwa na mkwe bali fundi wa mabomba tu, akatandika mkeka wake chini ya turubai la pembeni ya gari, karibu na moto, mahali pakavu.

Nitasema haki kuhusu hema la chini. Unasimama wima ukivaa nguo, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke mwenye kitenge. Hupandi ngazi ukiwa umelowa. Ukitaka kutoka, unatoka bila kuliyumbisha gari na kumwamsha kila mtu. Asubuhi dereva anaweza kuondoka na gari kwenda kuleta saruji, na nyumba yako ikabaki pale pale na vitu vyako ndani, ilhali la juu lazima ulikunje lote hata kama umeacha sahani ya maharage humo. Na gari likisimama kwenye mteremko, wa juu hulala kichwa chini. Yote hayo nilimwambia Shefu. Lakini chini kulikuwa na jiwe ambalo kila nilipolihama lilinifuata mbavuni. Alfajiri moja siafu walipita ndani ya hema kama wenye nyumba, nikatoka nje nikijipigapiga mbele ya watu. Mvua ikaingia chini ya sakafu na godoro la nyasi likanywa maji yote. Nililala juma lile kwa vipande vipande, na machozi ya hasira yalinitoka, hasira ya mtu aliyeonjeshwa kitu na kunyang'anywa.

Katika juma hilo hilo Baba Mkwe alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kasongo alicheka na wazee wenzake msikitini, si nyumbani ambako mkwe anasikia. Sasa alikaa karibu na moto, bakuli la chai ya tangawizi mikononi, na Musafiri akiwa amening'iniza miguu kutoka kwenye kiota akimsimulia uongo wa kila aina kuhusu wanawake wa Kindu. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Alikula chakula kikiwa moto. Alikoroma, na mimi ndani ya hema langu nikajiziba masikio kwa kitenge, maana kukoroma kwa baba mkwe si jambo la kusikilizwa. Baada ya siku chache kikohozi kilipungua. Musafiri ndiye aliyeligundua, akasema hewa ya huko kando aliyokuwa akiipenda mzee haikuwa dawa, dawa ni moto na watu. Alikuwa anatania tu, na akanitazama nicheke.

Juma lilipokwisha, Shefu alituita wakati wa chai. Musafiri akasema yeye ni wa ardhini: kule juu akijigeuza gari linatikisika, aliota yuko kwenye treni kila siku, na ngazi ilimwangusha mara moja. Shefu mwenyewe akasema mwili wake haumruhusu kuwa hakimu. Kisha akanigeukia. Akasema nimelala juu kuliko wote na chini nimelala juma zima, kwa hiyo nitakavyosema mimi ndivyo atakavyopeleka, na ndivyo tutakavyoendelea kulala hata sisi. Alisema hivyo wazi. Kama ni la chini, angeomba hema dogo la peke yangu, kiota kingekunjwa, na kila mtu angelala chini, mbalimbali, kuzunguka moto mmoja. Nililielewa kila neno. Baba Mkwe alikuwa amekaa upande wake, uso umegeukia barabarani kama inavyopasa, anapuliza chai.

Nilisema la juu. Nilijieleza vizuri kabisa, kwa Kifaransa kidogo na Kiswahili kingi, habari ya unyevu na wadudu na usalama wa wafanyakazi wanawake, na hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Nilikuwa nautetea mgongo wangu kwa hoja za watu wengine. Shefu akatikisa kichwa akikubali. Halafu, kwa adabu, akamuuliza na mzee: Papa, wewe waonaje? Hakuwa amelala juu hata mara moja. Alikuwa amekataa alipopewa zamu, maana kile kilikuwa kitanda cha mkwe wake, na afadhali angelala na siafu. Nilidhani atasema hana la kusema. Akaweka bakuli chini.

"Ya juu iko muzuri," akaiambia barabara. "Mugongo yangu haiijue. Miye naangaliaka tu uso ya ule mutoto asubuhi. Akilala kule, anaamuka sawa mutu mwenye alilala."

Shefu akacheka, akasema huo ni ushahidi. Jioni ile kiota kilikuwa changu tena, na hema la wanaume likafungwa tena ubavuni mwa gari. Nilipanda ngazi. Kupitia chandarua nilimwona Baba Mkwe akikunja mkeka wake pale penye moto, akauweka begani, akaenda.

Mvua za mwisho wa msimu zilimkuta kwenye kibanda cha mlinzi, huko njia ya kuelekea Salamabila. Kikohozi kilirudi na homa. Aliendesha gari akijifunga shuka kifuani, na kwenye milima ilimbidi asimame apumzike baada ya kubadilisha gia. Shefu alivumilia sana, kisha akamwambia kwa upole kwamba Papa amechoka, arudi Kasongo atibiwe, nafasi yake itashikwa na kijana. Hakurudi tena kwenye usukani, wa mradi ule wala wa mwingine. Salumu alikuja kutoka Salamabila kumpeleka nyumbani kwa pikipiki, akiwa amemkalisha katikati, kati yake na mwenye pikipiki, kama mtoto. Nilimweleza mume wangu kila kitu, nikalia. Akaniambia nisijisumbue, baba ni mtu wa zamani, angeweza kulala ndani ya hema na hakuna Mungu ambaye angemuuliza. Labda ni kweli. Lakini desturi ile ilikuwa yangu pia. Nilikuwa naifuata vizuri sana kwenye sahani na kwenye mikeka, popote iliponigharimu kurudi kinyumenyume tu.

Mimi nilimaliza mwaka na mradi. Dereva mpya hakuwa ndugu wa mtu, akalala ndani ya hema na Musafiri, na juu yao nililala mimi. Ningependa kuandika kwamba godoro lilinichoma, kwamba nilikesha nikimfikiria mzee. Hapana. Nililala vizuri, kila siku, na nikaamka na ule uso. Baadaye nikapata mimba ya huyu mwanangu Papa, nikarudi kwenye nyumba ya mahali pake. Baba Mkwe sasa alishinda barazani. Hakunitupia neno hata moja, wala kwa ukuta wala kwa mkewe. Mjukuu alipopewa jina lake, alituma niambiwe kwamba amefurahi. Nami kwa miaka yote hiyo nilimpikia wali laini, nikamchemshia tangawizi, nikamfagilia njia, na kila nilichomfanyia kilikuwa kidogo mbele ya juma moja la moto na kicheko ambalo ningeweza kumwongezea kwa neno moja.

Mwezi uliopita alilazwa hospitali, hapa hapa mjini. Mama Mkwe alikuwa ameshatangulia, Salumu yuko safarini, wifi zangu wamechoka kwa zamu, ikabidi nikae mimi. Ugonjwa hulegeza mambo mengi. Nilimnywesha uji kwa kijiko, mimi ambaye sikuwahi kumtazama akila. Jua lilipokwisha kuzama ndugu wote wanaouguza wagonjwa walitandika sakafuni, kati ya vitanda, kama ilivyo kawaida, nami nikatandika kitenge changu chini ya kitanda chake, juu ya saruji tupu. Nikajilaza. Nitasema nilivyojisikia: nilipata nafuu. Yeye juu, mimi chini, mara ya kwanza katika maisha yetu, iwe safarini au popote. Saruji iliniuma bega na nyonga, na nilitaka iniume zaidi. Nikapata hata ujasiri wa kusema. Niliuambia mguu wa kitanda, kwa sauti ndogo, "Baba, ule mwaka wa chemchemi, nilijua kwa nini ulikuwa unaenda mbali. Siku Shefu aliniuliza, nilijua." Nilimsikia akipumua kwa shida, nikadhani amelala.

Muuguzi alipopita na dawa, alimwinua mzee kichwa, naye akameza. Kisha Baba Mkwe akamzuia yule binti kwa mkono.

"Dada, kile kitanda cha kwa dirisha kiko na mutu?"

Binti akasema hakina mtu, mgonjwa wake ameondoka mchana.

"Basi mumupe huyu mutoto wangu," akasema. "Haizoee kulala chini."

Wanawake wote waliokuwa sakafuni waligeuza vichwa kunitazama. Nilisema niko sawa hapa, nimezoea, tafadhali asisumbuke. Hakunijibu mimi. Alimwambia binti tena, kwa subira, kama mtu anayetoa maelezo ya njia, kwamba mutoto huyu akilala chini asubuhi anakuwa na uso mubaya, na yeye hapendi kuuona. Binti alishika mkono wangu kuniinua. Kitanda kilikuwa na godoro la sponji, na dirisha lilikuwa wazi. Nikapanda mbele yao wote, nikageukia ukuta kama inavyompasa mkwe, nikisema moyoni kwamba leo angalau nitakesha. Nikalala mpaka asubuhi.